Aliyetoka Mzima

Sufuria ilikuwa inachemka, harufu ya sombe, majani ya muhogo, imejaa uwanja mzima, na bado Colette alimtazama mgeni usoni akamwambia:

"Hapa hakuna chakula. Enda yako."

Nshimiyimana alidhani hakusikia vizuri. Alikuwa ameshuka pikipiki Pinga alfajiri, akatembea kwa miguu mpaka Buleusa, matope mpaka magotini. Katika milima hii hata adui akikukuta na kiu anakupa maji kwanza.

"Mama, natafuta Papa Hilaire. Miye ni Nshimiyimana, muntu wa Bihambwe."

"Hilaire hayuko. Na hata angekuwako, hayuko kwa ajili yako. Rudi, jua lingali juu."

Aka! Mwanamke gani huyu? Nshimiyimana alikaa juu ya kigogo pale pale uwanjani. Kiburi? Hapana. Hakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Miaka sita alikuwa katika ekipe ya Noël, ile inayovizia wachuuzi kwenye barabara zote kati ya Masisi na Walikale. Kuingia ni rahisi: unakula, unakunywa, unapewa buti. Kutoka ndiyo kazi. Wa kwanza aliyejaribu alikutwa mtoni. Wa pili hakukutwa kabisa. Lakini Hilaire alitoka! Kila mmoja pale aliijua habari hiyo, na waliinong'ona wakiwa wawili wawili: Hilaire analima maharagwe Buleusa, anaimba kwaya, hakuna aliyemgusa hata unywele.

Kule Bihambwe alikuwa amebaki Michel, mdogo wake wa tumbo moja, naye yuko katika ekipe ile ile. Michel alikuwa anangoja habari tu ili amfuate. Noël akijua mapema, wote wawili wamekwisha.

"Kaka ya kwetu!"

Hilaire alitokea shambani, jembe begani, akamkumbatia mgeni kwa mikono yenye udongo. Palepale akakamata kuku. Colette akakataa kumnyonyoa. Hilaire akacheka, akamnyonyoa yeye mwenyewe, kisha akapanda kwa jirani wa mlimani kukopa chumvi. Alikawia kidogo.

"Umusamehe bibi yangu," alisema aliporudi. "Wageni wanamuogopesha."

Walipokula, Nshimiyimana aliuliza swali lililomtoa kwao.

"Kaka, ulifanya je? Ulitoka namna gani?"

"Niliwaambia nimechoka. Noël naye ni muntu, anasikia."

Ni hivyo tu? Machozi yalimlenga Nshimiyimana. Tangu mama yake afe, hakuna mtu aliyewahi kumwambia jambo zuri namna hiyo.

"Na wewe uko peke yako?" Hilaire aliuliza, akimsogezea paja la kuku. "Ao kuna mwingine anafikiri kutoka? Sema, tumusaidie naye."

Colette alikuwa amesimama mlangoni, nyuma ya mume wake. Alimkazia mgeni macho, akatikisa kichwa. Nshimiyimana alichukia. Mchoyo huyu, chakula ananinyima, na mazungumzo pia anataka kuninyima!

"Mdogo wangu," alinong'ona. "Michel."

"Vizuri. Ndugu haachwi."

Colette alitupa sahani chini. Akachukua telefone yake, akapandisha mlima mbio, kule juu ambako pekee rezo ya simu inapatikana.

Nshimiyimana aliacha kutafuna. "Anaenda kuita nani?"

Hilaire alishusha pumzi. Sasa hakuwa anacheka.

"Nitakuficha nini, kaka? Ndugu yake mmoja iko kwa Noël. Miye nalala na nyoka ndani ya nyumba. Simama, twende. Kuna kanjia ka pori kanatokea kwenye barabara ya malori. Kesho utakuwa mbali."

Ndiyo maana! Basi ule uso mkavu, ule uchoyo, yale macho! Moyo wa Nshimiyimana ulimuuma kwa ajili ya mwenye nyumba. Mtu mwema hivi, kuoa adui!

Kwetu mgeni husindikizwa. Unamfikisha mwisho wa shamba, ao kwenye kijito kama unampenda sana, mnapeana mikono, unarudi. Hilaire alipita mwisho wa shamba. Akavuka kijito. Akaingia msituni, bado anatangulia, anamkatia mgeni matawi kwa panga. Nshimiyimana alijiambia kwamba anayekusindikiza mpaka hapa si rafiki tena, ni damu yako.

Ndipo sauti ikashuka kutoka mlimani, imepasuka kwa kupiga kelele.

"Nshimiyimana! We Nshimiyimana! Rudi! Rudi!"

"Unamusikia?" Hilaire alisema. "Anataka wakukute kwangu. Usigeuke."

Nshimiyimana hakugeuka. Alimlaani mwanamke yule kwa jina lake, na la mama yake, na akakimbia. Sauti iliendelea kumwita, ikawa ndogo, mwishowe miti ikaimeza.

Kanjia kalikunja kona. Pale, juu ya mti ulioanguka, wanaume wanne walikuwa wanakula karanga. Mmoja akasimama taratibu, akipangusa mikono kwenye suruali. Alikuwa Noël.

"Kimbia, kaka!" Nshimiyimana alimpigia Hilaire kelele, akaruka mbele yake amkinge kwa mwili wake. "Kimbia!"

Hilaire alimzunguka, akaenda kuketi juu ya mti, akanyoosha mkono apewe karanga.

"Ulipopiga telefone haukusema: iko peke yake?" Noël alimuuliza.

"Bado mdogo wake, Michel. Musihangaike kumutafuta," Hilaire alisema, akitafuna. "Atakuja kwangu yeye mwenyewe, kama wengine wote."