Biskuti za Arobaini

Asubuhi ya arobaini ya dada yake, Mwanakombo alikanda biskuti za shayiri peke yake kwa mara ya kwanza. Zabibu hakutia hata moja. Hakuzipenda tangu utotoni. Ni marehemu aliyekuwa akizididimiza kwa kidole gumba, moja katikati ya kila biskuti. Mwanakombo alizipanga biskuti sufurini, akafunika, akapalia makaa juu ya mfuniko.

Binti wa marehemu alichungulia jikoni. "Mama mdogo, kigoda cha mama umekisogeza wewe hapo mekoni?"

Mwanakombo hakuwa amekigusa. Harufu ya zabibu ilikuwa imeshapanda. Akafunua. Kila biskuti ilikuwa na zabibu yake na alama ya gumba, isipokuwa moja ya pembeni, tupu, kama ile ambayo dada hakuwahi kusahau kumwachia.