Kompyuta Iliyouliza Mapema

"Kitendawili!" alisema Bi Chausiku, mkunga wa zahanati.

"Tega," akajibu Raziki, fundi wa kompyuta.

"Nimesimama mlangoni, naambiwa sipo."

Raziki akacheka. Juzi kompyuta ya kuandikishia zamu ililikubali jina la bibi, jana ikalikataa. Mganga mkuu alidai ni vidole vya bibi vimezeeka, vinakosea herufi. Bibi akishindwa tena leo, zamu yake atapewa mwingine.

Raziki aliizima na kuiwasha mara tano, akiikodolea macho saa.

"Bibi, vidole havina kosa. Ikiwaka tu inauliza majina kabla orodha ya wafanyakazi haijafunguka. Juzi orodha iliwahi, jana ikachelewa. Ikiambiwa jina halipo, inang'ang'ania hilohilo. Sasa nimeiambia ingoje."

Bi Chausiku aliandika jina lake, taratibu. Skrini ilipokuwa bado inafikiri, yeye alishavaa kofia yake nyeupe ya ukunga.