Fomu Haiulizi Damu

Kwa mara ya tatu mwezi huo, Sista Leokadia, muuguzi wa zahanati, alichovya kijiti cha kupimia sukari katika mkojo wa Mbaruku, dereva wa lori, na kwa mara ya tatu kikageuka kahawia.

"Sukari tele, mzee wangu. Siwezi kusaini fomu ya afya, na bila hiyo leseni hupati."

"Sista, nimekueleza mpaka nimekauka koo! Kidonge cha kisukari ninachomeza huitoa sukari kwenye damu na kuipitisha kwenye mkojo. Ndiyo kazi yake. Damu umeipima mwenyewe, iko sawa."

"Iko sawa kabisa. Ila fomu inauliza mkojo tu."

"Basi andika damu pembeni."

"Watu wa leseni watairudisha, kama ile ya kwanza." Akashusha sauti. "Acha kidonge wiki moja, halafu urudi. Huenda mkojo ukawa safi."

"Na damu yangu je?"

"Hakuna atakayeiuliza."

Asubuhi iliyofuata Mbaruku alisimama penye bomba, kikombe cha maji mkono mmoja, kidonge mkono wa pili. Alisimama hapo muda mrefu, hata jasho likaanza kuyeyusha rangi ya kidonge, na kiganja chake kikageuka njano.