Mrehani wa Zuwena

Tangu majani yaanze kuuzwa yakiwa na harufu yoyote anayoitaka mteja, sheria haiitambui tena pua ya mtu. Mmea ni mzizi wake. Ndiyo maana kila jiko lina wembe na hadubini, na mtaani kwetu hakuna mkali kama Zuwena.

Leo mumewe, Makame, karudi kutoka safari ndefu na mche wa mrehani ndani ya kopo.

"Nusa, mama watoto. Mrehani huu!"

"Siku hizi hata mtaro wa maji machafu unanukia mrehani," alisema Zuwena. Akaung'oa, akakata kipande cha mzizi chembamba kuliko karatasi, akachungulia. Katikati paling'aa nyota ya pembe nne, chapa ya ukoo wote wa mnanaa na mrehani.

"Wa kweli!" alishangilia, mche ukinyauka mezani.

"Kama ile mingine," alinung'unika Makame. "Yote ya kweli, na yote imekufa."

Zuwena alimtazama. Sauti yake ile ile, kicheko kile kile, hata jasho linanuka vile vile; lakini pua si ushahidi. Taratibu akaufuta wembe kwa pindo la kanga.

"Makame, hebu vua viatu."