Mpaka wa Ardcarra

Kitu cha kwanza alichokigundua Gobnait ni kwamba ardhi chini ya nyayo zake ilikuwa baridi kuliko mahali pengine popote kilimani. Alikuwa peku. Hakusogea.

Hatua arobaini chini yake, watu walimzunguka mzee Murchadh, kipofu, aliyekuwa amepiga magoti akipapasa jiwe lenye ukubwa wa kichwa cha ndama. Babu yake na baba yake ndio waliowaonyesha wakubwa mpaka kati ya tarafa ya Ardcarra na ya Glenboy. Sasa kazi ilikuwa yake.

"Alama tatu," alisema. "Ndilo. Kuanzia hapa kwenda juu ni Glenboy. Kwenda chini ni Ardcarra."

Karani wa uji wa msaada, Bwana Pelham, aliitazama nyumba ya Onóra. Ilikuwa upande wa juu wa jiwe, hatua kumi tu.

"Basi huyu mama ni wa Glenboy."

Viazi vilikuwa vimeoza mwaka wa pili mfululizo. Ardcarra ilipewa chungu cha uji wa mahindi, cha kutosha nyumba thelathini. Glenboy haikupewa kitu.

Onóra alikuwa mjane. Alitoka nje, watoto wake wawili wameshika sketi yake. "Bwana, jana jiwe lilikuwa kule juu, nyuma ya nyumba yangu. Hawa wote wanajua."

Hawa wote walitazama chini.

"Mzee Murchadh, na wewe? Si ni wewe uliyenishika mkono siku ya harusi yangu ukanivusha mpaka kuingia Ardcarra?"

"Mimi nilifundishwa jiwe, mama. Penye jiwe ndipo penye mpaka."

Onóra akamgeukia karani. "Jiwe likiondolewa huacha alama. Nyasi za chini yake huwa nyeupe. Nipe nafasi niitafute."

Bwana Pelham alitoa saa mfukoni. "Dakika kumi."

Onóra alitafuta kwa magoti, akipekua nyasi kwa mikono miwili, watoto wakimfuata nyuma. Hakuna aliyemsaidia. Alipomfikia Gobnait aliinua uso.

"Gobnait, mwanangu, wewe unachunga mbuzi hapa kila siku. Jiwe lilikuwa wapi?"

"Muulize mbuzi," Colmán fundi viatu alisema kutoka kule chini. "Atakujibu upesi zaidi."

Watu wakacheka, kicheko kifupi cha wenye njaa. Gobnait akaficha mikono ndani ya shali. Shingo ilimwaka. Tangu utotoni maneno yalimkauka mdomoni kila alipotazamwa na watu, na hata shule aliiacha kwa sababu hiyo.

"Mwacheni," alisema Onóra. "Ana haya tu. Angekuwa anajua, mimi angeniambia."

Akamfunga shali vizuri kifuani, maana upepo ulikuwa mkali, kisha akaenda kutafuta upande wa pili.

Dakika kumi zikaisha. Karani akapiga mstari juu ya jina la Onóra. Akashuka kwa kidole hadi jina la mwisho, la thelathini na moja, ambalo lilichelewa kuandikwa kwa sababu mwenye nyumba alikuwa hoi kitandani. Lilikuwa la baba yake Gobnait.

"Sasa mmetimia thelathini," alisema.

Watu wakashuka kwenda kanisani kupanga foleni ya uji, na theluji ikaanza kuanguka. Gobnait alishuka wa mwisho, theluji ilipokwisha kufunika kilima chote.

Kwaresima ilipoingia, aliona kwamba nyumba ya Onóra haijatoa moshi kwa siku nne. Akapanda na nusu ya uji wake kwenye bakuli. Mlango ulikuwa wazi. Onóra alikuwa amelala kando ya ukuta, na watoto wote wawili chini ya blanketi moja. Hakuna aliyegeuza uso.

Gobnait aliweka bakuli sakafuni, karibu na mkono wa Onóra. Kisha akasema, kwa sauti ambayo mtu wa nje angeisikia:

"Lile jiwe nililibingirisha mimi, mama. Siku ile nilikuwa nimesimama juu ya alama yake."