Abishaye Hodi

Komeo la mlango wa uani liligongwa gizani, kisha sauti ikasema, "Hodi."

Nilimziba mdomo mwanangu Tatu asiitikie. Siku hizi milango hututambua kwa sura na kufunguka yenyewe. Wanaobisha hodi ni wachoma mitambo tu, na wakishikwa hawarudi.

Alikuwa kaka yangu Makame, ananuka nyaya zilizoungua.

"Mmezima mnara wa umeme, na wagonjwa hospitalini je?" nikanong'ona.

"Dada, zamani 'karibu' ulikuwa ukisema wewe, si mlango."

Alikunywa chai, akaondoka. Nikajipa moyo: giza halina macho.

Umeme uliporudi, mlango ukauliza kwa upole, kama kila jioni, "Nani amekuja leo?"

"Hakuna mtu," nikajibu.

Tatu, niliyemkataza uongo, akanitazama kwa mshangao.

"Mjomba amepiga hodi."