Reli za Sentimita Arobaini

Sheria iliruhusu mashine ya kuchonga nyumbani, mradi reli zinazobeba kigari chake cha kukatia zisizidi sentimita arobaini. Zaidi ya hapo, nyumba ilihesabika kiwanda. Nyamizi, fundi wa Tabora, alikuwa amemchongea binti yake Siwema miguu mitano ya bandia kwa mashine aliyoiunda mwenyewe. Mwaka huu Siwema alikuwa amerefuka, na mguu mpya ulihitaji sentimita arobaini na tatu. Aliuchonga vipande viwili akaviunga, lakini ukavunjika Siwema akitoka shule, naye akatambaa hadi nyumbani.

Ndipo Nyamizi akabuni reli za vipande, zinazoungwa kwa pini na kutenganishwa mkaguzi akija. Mara kumi na moja kigari cha mashine kilikwama kwenye kiungo na kuharibu ubao. Mara ya kumi na mbili kilipita kama kimepakwa mafuta. Nyamizi alilia kwa furaha.

Kabla mguu haujakamilika, mkaguzi alibisha hodi. Nyamizi alizitenganisha reli upesi. Mkaguzi alizipima, akaridhika, kisha kidole chake kikagusa matundu ya pini.

“Mama, haya ya nini?”

“Mwanangu anakua, baba. Nifanyeje?” alijibu Nyamizi, Siwema akiwasikiliza mlangoni.

“Arobaini ni arobaini, mama,” alisema kwa upole, akazibeba reli zote.

Mchana ule Nyamizi alipakua ugali na mlenda. Siwema alimega tonge moja, akasukuma sahani.

“Kula, mwanangu.”

“Nimeshiba, mama.”

Kesho yake alijibu vivyo hivyo. Siku ya tatu Nyamizi alimkuta ameegemea ukuta kwa mguu mmoja, akijipima kimo kwa chaki.

“Sijaongezeka,” alisema Siwema, akitabasamu.